Likizo yetu iliishia mlangoni, saa nne usiku

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: likizo huisha lini hasa, siku ya kurudi kazini, siku ya kufika nyumbani, au kabla ya hapo? Kwa likizo nyingine sina jibu. Kwa ile ya melini ninalo, na hata saa yake naikumbuka: iliisha saa nne usiku, nilipoburuta masanduku yetu mawili na kuyaacha kwenye korido, nje ya mlango wa chumba.

Aliyewahi kupanda meli ya kitalii anaujua utaratibu huu. Usiku wa mwisho mnagawiwa vikaratasi vya kufunga kwenye mizigo, kila kundi la abiria na rangi yake na namba yake. Vyetu vilikuwa vya kijani, namba 14. Unafungasha, unalitoa sanduku nje, na wafanyakazi wanapita usiku kuyakusanya. Unabaki na mfuko mdogo wenye paspoti, dawa, mswaki na nguo za kesho. Chumba mlichokiita chenu kwa siku saba kinarudi kuwa cha meli, na ninyi bado mmo ndani.

Mwili, kwa kweli, ulichelewa kuelewa. Siku tatu baada ya kushuka sakafu ilikuwa bado inayumba chini ya miguu yangu, hasa nikifumba macho kuoga. Wafaransa wanaiita hali hiyo mal de débarquement, yaani ugonjwa wa kushuka melini: ubongo umeshazoea kusawazisha mwili juu ya mawimbi, na unaendelea kufanya hivyo hata pasipo na wimbi. Lakini moyo ulikuwa umeshajua tangu pale koridoni.

Nilisafiri na mama yangu. Ana miaka 71 na hakuwahi kulala baharini. Siku tuliyopanda, pale Civitavecchia, Italia, alipanda ngazi akiwa kimya kabisa. Alikuwa anaikumbuka Costa Concordia, iliyoondoka bandari hiyohiyo tarehe 13 Januari 2012 na usiku uleule ikagonga mwamba kando ya kisiwa cha Giglio, wakafa watu 32. Nilimweleza kwamba baada ya ajali ile kanuni za kimataifa zilibadilishwa: zoezi la dharura, ambalo zamani liliweza kusubiri hadi saa 24, sasa hufanywa kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Maelezo yangu hayakumsaidia kitu. Aliyemtoa hofu ni mhudumu wa chumba chetu. Alimvalisha jaketi la kuokolea maisha palepale kitandani, akamfunga mkanda, kisha akamtembeza taratibu mpaka kwenye mlango wa kutokea sitahani ili aione boti yake kwa macho yake mwenyewe. Aliniuliza mimi namwitaje. Nikamwambia "Mama". Tangu saa ile naye akawa anamwita Mama, na Mama akawa anamwita mwanangu, ingawa hawakuwa na lugha moja ya kuzungumza.

Jioni ya pili tulimkuta tembo kitandani, amekunjwa kwa taulo mbili, masikio yametandazwa na mkonga uko juu. Mama alikataa katakata afunguliwe. Akamweka kwenye rafu chini ya kioo, na huko akakaa safari nzima.

Jioni ya mwisho tuliondoka Messina, bandari ya kisiwa cha Sicily, kama saa kumi na moja, na ilipofika saa mbili usiku tukawa tunaipita Stromboli. Mlima huo una urefu wa mita 924 na umekuwa ukitema moto karibu bila kukoma kwa zaidi ya miaka 2,000. Mabaharia waliuita mnara wa taa wa Mediterania. Usiku huoni mlima. Unaona giza zito kuliko giza jingine, halafu juu yake cheche nyekundu zinaruka, zinaporomoka, zinazimika. Unasubiri dakika kumi au zaidi, zinaruka tena. Abiria wengi walikuwa wameshateremka kufungasha. Mama aligoma kuondoka mpaka zimeruka mara nne.

"Mlima utaendelea hivi hata tukishalala?" akaniuliza.

Nikamwambia utaendelea.

Nilipokuwa natoa masanduku nilimkuta mhudumu wetu koridoni, ana rundo la mashuka mikononi. Nikamuuliza kama kesho, tukishaondoka, atapata kupumzika. Akasema kesho ndiyo siku yake ndefu kuliko zote. Saa tatu asubuhi wa zamani wawe wameshuka, mchana wapya wanaanza kupanda, na katikati hapo vyumba vyake vyote viwe kama havijawahi kulalwa na mtu. Mkataba wake ni wa miezi tisa na alikuwa kwenye wa saba. Mtoto wake wa pili alizaliwa yeye akiwa baharini. Baadaye nilisoma Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006: unamhakikishia baharia mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa hizo zinaweza kugawanywa mara mbili. Nilipiga hesabu. Safari kama yetu, ya wiki moja, alikuwa ameshaimaliza mara 28 hivi. Mara 28 ameaga, na mchana uleule akakaribisha.

Sikulala vizuri. Alfajiri mlio wa injini ulibadilika, na mtetemo wa kitanda, ambao nilikuwa nimeacha kuusikia tangu siku ya pili, ukapungua. Dirishani niliona boti ndogo imejibana ubavuni mwa meli na rubani wa bandari, yule anayeongoza meli kuingia gatini, anapanda ngazi ya kamba. Mbele zilionekana taa za Civitavecchia.

Mama alikuwa ameshavaa. Akamtoa tembo rafuni, akamfungua polepole, kwanza mkonga, kisha masikio, miguu mwishoni. Akazikunja taulo zile pembe kwa pembe na kuziweka kitandani alikokuwa ameshatandika.

"Mhudumu wetu asije akaanza na hili," alisema.

Kijani 14 waliitwa saa mbili na nusu. Mhudumu wetu hatukumwona tena. Alikuwa ameshaanza upande wa mbele. Tulipofika gatini Mama alisimama, akaweka mkoba chini, akaanza kuhesabu madirisha kutoka boti ya tatu ya uokoaji. Akalipata letu. Pazia lilivutwa hadi mwisho, kisha tukaona shuka jeupe linakung'utwa. Mama akapunga mkono. Dereva wa basi alipiga honi mara mbili kabla hajaushusha.