Maswali ya Wasomaji: Shelly-Ann na mita thelathini za kwanza

Barua za mwezi huu karibu zote zimemwangukia mtu mmoja: Shelly-Ann Fraser-Pryce wa Jamaika, mtimkaji aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 100 mwaka 2008 na 2012, kisha ubingwa wa dunia wa mbio hizo mara tano. Tumechagua chache na kuzifupisha.

Hamjambo wahariri. Mei 2022 Shelly-Ann alikuja Kasarani akakimbia mita 100 kwa sekunde 10.67. Jirani yangu anasema muda ule si wa haki kwa sababu Nairobi iko juu na hewa yake ni nyepesi. Mimi namwambia ni wivu. Nani mkweli?
*Shabiki, Section 58, Nakuru*

Jirani ana nusu ya ukweli. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15. Mtimkaji wa mita 100 huokoa hapo kati ya sekunde 0.04 na 0.07. Lakini kanuni haimnyang'anyi mtu muda kwa sababu ya mwinuko. Kinachofuta rekodi ni upepo wa mgongoni unaozidi mita 2.0 kwa sekunde. Uwanja ukiwa juu ya mita 1,000, herufi A huandikwa kando ya muda, basi. Kwa kipimo hicho hata Kisumu, yenye mita 1,130 hivi, ni A, sembuse Nakuru yenu ya 1,850.

Ukitaka kumnyamazisha jirani, mtajie kilichofuata. Mwezi wa Juni, Paris, 10.67. Julai, Eugene, 10.67 tena, na ubingwa wa dunia juu yake. Agosti, Monaco, pale kando ya bahari kabisa, 10.62. Mwaka huo alishuka chini ya 10.70 mara saba akiwa na miaka 35. Hewa ya Kasarani haikumpa kitu ambacho hakuja nacho. Na tukiwa hapo, siku ileile Mkenya mwenzetu Ferdinand Omanyala alikimbia 9.85 katika uwanja uleule, wala hatukumsikia jirani akilalamikia hewa.

Nina msichana wa miaka 15, mfupi, anayefyatuka vizuri sana lakini akifika mita 60 wanampita. Nimemfanyisha mazoezi ya kupanua hatua muhula mzima na bado. Fraser-Pryce naye ni mfupi. Yeye anafanyaje?
*Mwalimu wa michezo, Vihiga*

Mwalimu, hayo ya kupanua hatua yaache leo. Mkimbiaji anayelazimisha hatua ndefu hutua mguu mbele ya nyonga, na mguu ukitua huko unakuwa breki. Juu ya hayo, msuli wa nyuma ya paja unavutwa ukiwa umenyooka, na hapo ndipo unapochanika. Hatua hurefuka kwa kuisukuma ardhi kwa nguvu kuelekea nyuma, si kwa kuifuata mbele.

Fraser-Pryce ana urefu wa sentimita 152. Usain Bolt, mwenye sentimita 195, alimaliza mita 100 kwa hatua 41 hivi. Shelly-Ann huhitaji karibu 50. Hawezi kumshinda mrefu kwa urefu wa hatua, kwa hiyo humshinda kwa wingi wake, na zaidi ya yote kwa mita 30 za mwanzo, ambapo mwili mfupi huinuka na kushika kasi upesi. Anaposimama wima, wenzake wana deni la kulipa.

Anza na bloku, vile vikanyagio vya kuanzia mbio. Bloku ya mbele iwekwe urefu wa nyayo mbili za mwanafunzi mwenyewe kutoka kwenye mstari, ya nyuma nyayo tatu. Usitumie nyayo zako, Mwalimu. Hilo hutokea mara nyingi kuliko unavyodhani. Akiwa tayari, goti la mbele liwe na pembe ya digrii 90 hivi, la nyuma kati ya 120 na 130, na nyonga zipande juu kidogo ya mabega. Bloku zikiwa karibu mno na mstari, nyonga hupanda kupita kiasi na hatua ya pili inakuwa ya kujikwaa. Zikiwa mbali mno, anatambaa. Shule isiyo na bloku isipoteze muda kuzililia: aanze kwa kusimama, mguu mmoja mbele, mwili umeinama mbele mpaka anakaribia kuanguka, ndipo atoke. Funzo ni lilelile.

Kosa kubwa la pili ni kuinua kichwa mapema. Macho yakitafuta utepe kwenye hatua ya tatu, kifua kinafuata, na kasi inakufa kabla haijazaliwa. Mwache ainuke polepole hadi mita 20 au 25.

Sasa hilo la mita 60. Hakuna binadamu anayeendelea kuongeza kasi mpaka mwisho wa mita 100. Wasichana wa umri wake hufika kilele kati ya mita 30 na 50, kisha kila mmoja anapunguza, na mshindi ni yule anayepunguza kidogo. Wako anapunguza sana kwa sababu mojawapo kati ya mbili: ama anakaza mabega na taya anaposikia wenzake, ama hajawahi kufanya mazoezi ya kasi kamili akiwa hajachoka. Tunashuku la pili. Sehemu zetu hizi zimelelewa na mbio ndefu, na kocha akiona mtoto amekaa chini dakika tano anamwona mvivu. Katika mbio fupi, pumziko ndilo zoezi lenyewe. Kanuni rahisi ni dakika moja kwa kila mita 10 za kasi kamili. Mpe mita 20 mara sita kutoka kwenye bloku, akipumzika dakika mbili baada ya kila moja. Siku nyingine ajikusanyie kasi mita 20 kisha akimbie mita 20 nyingine kwa nguvu zote, mara nne, akipumzika dakika nne kamili. Mara mbili kwa wiki zinatosha, zikiachana kwa saa 48. Muda wa mita 20 ukianza kuzidi ule wa kwanza kwa zaidi ya sekunde 0.1, funga siku, hata kama zimebaki mbili.

Uwanja wa nyasi usiwe kisingizio. Kikundi cha MVP, ambako Stephen Francis alimkuza Shelly-Ann tangu ujana wake, kilijulikana kwa mazoezi ya nyasi katika Chuo Kikuu cha Teknolojia mjini Kingston. Ila nyasi ikiwa na umande, vaeni misumari ya milimita 9 au zaidi. Ile ya milimita 6 ni ya tartani, yaani uwanja wa mpira, na kwenye nyasi huteleza.

Binti yetu amepigiwa 11.8 kwa stopwochi katika uwanja wa shule. Kijijini wanasema amebakisha sekunde moja tu kumfikia Shelly-Ann. Tumtafutie nafasi Jamaika?
*Mzazi, Bungoma*

Mzazi mwenzetu, hongera, lakini hiyo 11.8 iangaliwe vizuri kwanza. Muda wa mkono katika mita 100 huongezewa 0.24 ili ulinganishwe na wa mitambo, kwa sababu kidole cha mpiga saa huchelewa pale mwanzo. Tunapata 12.04. Mbele ya mtu wa 10.70, binti angekuwa nyuma kwa mita 11 hivi. Sekunde moja katika mbio fupi ni shamba kubwa.

Kisha ulizeni ilipimwaje. Mpiga saa akisimama kwenye utepe na kuanza saa anaposikia mlio, sauti imekwisha kuchukua karibu sekunde 0.29 kumfikia, na hizo zote ni zawadi kwa mkimbiaji. Saa ianzishwe kwa kuona moshi wa bastola au vibao vikigongana. Wawepo watu watatu wenye saa: wawili wakikubaliana, chukueni wa hao wawili; wote wakitofautiana, chukueni wa katikati. Sehemu za mia hupandishwa juu, yaani 11.81 inaandikwa 11.9. Na uwanja wenyewe upimwe kwa tepu ya chuma, si kwa kamba wala kwa hatua za mwalimu. Muda wa kamera ya utepe ndio utakaomsaidia binti kutambuliwa nje. Jamaika inaweza kungoja.

Nakimbia mita 200. Nilisikia Shelly-Ann aliwahi kufungiwa kwa sababu ya dawa ya jino. Mimi mgongo huniuma, na duka la dawa la mtaani hunidunga sindano. Niogope?
*Mtimkaji, Kisumu*

Uogope, ndiyo. Mei 2010 huko Shanghai sampuli yake ilikutwa na oksikodoni, dawa kali ya maumivu aliyotumia kwa ajili ya jino. Haimwongezei mtu kasi, lakini imo kwenye orodha ya marufuku siku za mashindano, na alifungiwa miezi sita. Kisa cha kwetu kinafanana na chako zaidi: mwaka 2017 Omanyala alifungiwa miezi 14 kwa sababu ya betamethasoni, iliyotokana na sindano ya maumivu ya mgongo.

Tangu 2022, sindano zote za jamii hiyo ya dawa, zikiwemo deksamethasoni na prednisoloni, ni marufuku wakati wa mashindano popote zinapodungwa, na vidonge vyake pia. Baadhi huhitaji hadi siku 60 kutoka mwilini. Tramadoli nayo imeongezwa tangu Januari 2024. Parasetamoli, ibuprofeni na diklofenaki zinaruhusiwa. Kwa hiyo, kabla ya kuvua shati, soma jina la dawa kwenye chupa yenyewe, si jina la biashara peke yake, lipige picha, kisha liulize kwa ADAK, shirika la Kenya la kupambana na dawa haramu michezoni. Mhudumu akisema "ni ya maumivu tu", hajakujibu. Ukiihitaji kweli, omba kibali cha matibabu kabla ya kuitumia. Na mgongo unaohitaji sindano kila mara unahitaji daktari.

Nilijifungua kwa upasuaji, mtoto ana miezi mitano. Nataka kurudi uwanjani. Naambiwa mbio zangu zimekwisha.
*Mama, Kakamega*

Mama, Shelly-Ann alijifungua kwa upasuaji Agosti 2017. Mwaka 2018 alirudi, na muda wake bora ulikuwa 10.98, kwake yeye muda wa kawaida tu, na wengi wakasema kama hao wanaokuambia wewe. Septemba 2019 huko Doha akatwaa ubingwa wa dunia kwa 10.71. Hesabu hiyo miaka miwili, si miezi miwili.

Kukimbia kwa kawaida husubiri angalau wiki 12 na ruhusa ya daktari, kwa hiyo wewe umeshavuka hapo. Lakini usianze na bloku. Anza na kutembea haraka, mazoezi ya nyonga na misuli ya chini ya tumbo, kisha mbio za kupanda kilima kifupi kwa asilimia 70. Kilima huzuia hatua kurefuka na huhurumia paja. Mkojo ukivuja, kovu likivuta au ukihisi uzito chini, rudi hatua moja nyuma na umwone mhudumu wa afya. Nyonyesha kabla ya mazoezi, na ule zaidi ya ulivyokula ulipokuwa unakimbia bila mtoto.

Bado anakimbia? Na katika kupokezana vijiti mfupi awekwe wapi?
*Kocha wa shule, Nakuru*

Mashindano yake makubwa ya mwisho yalikuwa Riadha za Dunia, Tokyo, Septemba 2025: nafasi ya sita katika mita 100, kisha fedha ya kupokezana vijiti. Olimpiki ya Tokyo, 2021, Jamaika ilipotwaa dhahabu kwa 41.02, alikimbia mkondo wa tatu. Huo ni wa kona, na mfupi mwenye hatua za haraka huumudu kuliko mrefu anayesukumwa nje ya njia yake. Mkondo wa kwanza nao una kona na una bloku, kwa hiyo hao ndio wa kumchagulia.

Eneo la kupokezana ni mita 30. Kwa wasichana wa sekondari, alama ya kutokea, ile ambayo mletaji akiifikia mpokeaji anaanza kukimbia, iwekwe nyayo 18 hadi 20 nyuma ya pale mpokeaji anaposimama. Mletaji akimkuta mpokeaji mapema, ongeza nyayo mbili. Mpokeaji akimkimbia, punguza mbili. Jaribuni wakiwa kwenye kasi kamili, maana alama iliyowekwa kwa mwendo wa kupasha misuli moto hudanganya siku ya mashindano.