Fundi Wako Asigeuke Mwana wa Mfalme

Tangu nianze kutuma WhatsApp, sehemu kwa sehemu, riwaya yangu ya Makame, fundi kalafati, yaani mzibaji wa nyufa za vyombo vya baharini, katika mji wa pwani niliouzua mwenyewe, waandishi wanaochipukia huniuliza swali lilelile: fundi wa kawaida anakuwaje shujaa kwenye hadithi yenye majini na masultani? Jibu langu ni kwamba ushindi wake utoke mikononi mwake. Ukimpa upanga wa ajabu aliouokota pangoni, au ukatuambia katikati ya hadithi kuwa kumbe alizaliwa ikulu akaibiwa utotoni, umemnyang'anya kile kilichotufanya tumpende.

Anza na dharau, maana hapo ndipo hadithi nyingi hulegea. Mwandishi anamleta tajiri mwenye kitambi, anacheka, anatema mate, basi. Dharau ya Dar haiko hivyo. Pita Keko kwenye samani, au Gerezani kwa wachomeleaji, ukae usikilize. Mteja anafanya kazi na mtu mmoja miaka nenda miaka rudi, na kwenye simu amemsevu "Fundi Makochi". Jina lake hajawahi kuuliza. Atabishana naye bei ya kabati la mninga mpaka sauti imkauke, kisha atakwenda kununua la kutoka nje, la unga wa mbao uliobanwa, bila kuomba kupunguziwa hata mia. Fundi akichelewa siku moja, mafundi wote waongo. Dharau hii haina matusi, ndiyo maana inauma. Katika riwaya yangu, nahodha wa sultani anajua majina ya kasuku wake wote, lakini Makame anamwita "we kalafati". Sikuhitaji kuongeza kofi.

Kazi yenyewe sasa, na hapa usiwe na haraka. Nenda ufukweni Kunduchi wanakotengeneza vyombo mchangani. Mbao zikishapigiliwa kwenye mataruma, zile mbavu za chombo, kati ya ubao na ubao hubaki mwanya. Fundi husokota pamba, huipaka mafuta ya nazi au ya sifa, yale yanayotoka kwenye ini la papa, kisha huisindilia mwanyani kwa patasi butu na nyundo ya mti. Sogea karibu usikilize mlio. Pamba ikiwa bado legevu, pigo linasikika zito na limefifia. Ikishakaza, mlio unapanda na kuwa mkavu, na fundi anasogea mbele kwenye mwanya bila hata kutazama. Akisindilia kupita kiasi, anazisukuma mbao zenyewe. Akipunguza, chombo kinavuja. Tena ubao huvimba ukiingia majini, kwa hiyo anafanya hesabu ya leo kwa ubao utakavyokuwa kesho baharini.

Mlio ule ndio ulionipa nguvu za Makame. Masikio yake husikia mahali kitu chochote kilipoachia: mshono wa jahazi, ukuta wa ngome, kauli ya mtu anayedanganya. Msomaji anakubali, kwa sababu sehemu za mwanzo alikwisha kumwona akisikiliza mbao tu. Na nguvu hiyo ina gharama ya kazini kwake. Akiisikiliza ngome, sauti za watu humpotea kwa siku kadhaa. Mafuta yakimwishia, hana ujanja mpaka awafuate wavuvi wa papa, na safari hiyo ilinipa visa vizuri kuliko vita vyovyote nilivyoandika.

Anayedhani ufundi na uchawi havikai pamoja asome habari za wafua chuma wa Ufipa, huko Rukwa. Waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuri ya udongo yaitwayo malungu, marefu kama mita 3, yaliyovuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini bila mivukuto. Kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuri dogo, kintengwe, ndipo mhunzi akafua jembe. Chini ya tanuri walizika dawa, na kazi ilikuwa na miiko yake, mmojawapo ukiwa kutolala na wanawake. Una hatua, una dawa, una mwiko, na mwishowe una jembe la kushika mkononi. Mwandishi wa hapa aazime joka la Ulaya la nini?

Kuhusu kuigawa hadithi sina mengi. Wasomaji wangu husoma ndani ya daladala na mwendokasi wakitoka kazini, kwa hiyo sehemu iwe fupi, na ikatike kazi ikiwa nusu. Maji yanaingia, nyufa ni mbili, pamba imebaki ya kujaza mmoja. Hapo watarudi.

Lakini jiandae, wasomaji hao hao watakuomba umfichulie Makame wako nasaba ya kifalme. Wataomba kwa mapenzi, wanataka mtu wao anyanyuke. Kataa. Ukimfanya mwana wa sultani, umekubali kwamba nahodha alikuwa na haki ya kumdharau kalafati, ila tu alikosea mtu. Mnyanyue kwa namna nyingine: mpe wanafunzi, mpe deni lililolipwa lote, mpe haki ya kukataa kazi ya mtu asiyemheshimu. Sehemu iliyopokelewa kwa shangwe kubwa katika kundi letu la WhatsApp haikuwa na pigano hata moja. Ni ile ambayo nahodha, maji yakiwa magotini, alilazimika kuuliza, "Fundi, jina lako nani?"

Kabla hujaandika, nenda kwa fundi asubuhi, wateja hawajajaa. Mtu mzima mpe shikamoo yake. Agiza chai na chapati za wote waliopo, si zake peke yake, na daftari likae mfukoni kwanza. Ukimuuliza kazi inafanywaje, atakupa jibu la mteja. Muulize anajuaje kuwa mbao hii bado mbichi. Ataipima uzito, ataigonga, kisha atakupa wewe uishike. Ukimaliza sehemu ya kwanza, rudi umsomee kabla hujaituma kokote. Akikwambia, "Hapa hapana mwanangu, tezo haishikwi hivyo," futa uandike upya mbele yake.