Kura zilipungua, madaraka yakaongezeka

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni hili: vyama vidogo vinakosa madaraka kwa udhaifu wao wenyewe, au kwa sababu ya mfumo wa kura? Udhaifu upo, nani asiyejua. Kuna vyama vya mwenyekiti na shemeji zake, ofisi hufunguliwa mwaka wa uchaguzi tu. Ila naomba tuyatazame matokeo ya ubunge ya mwaka 1995, uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi virudi Tanzania. NCCR-Mageuzi, chama alichogombea urais Mrema, kilipata karibu asilimia 22 ya kura za wabunge, kikaambulia majimbo 16 kati ya 232. CUF ilipata kama asilimia 5, ikaondoka na majimbo 24.

Hakuna uchawi hapo. Kura za CUF zilikaa pamoja, Pemba hasa, na majimbo ya Zanzibar yana wapiga kura wachache kuliko ya Bara. Za NCCR, ukiacha Kilimanjaro na sehemu nyingine chache, zilitapakaa nchi nzima. Huku wa pili, kule wa pili, na jimboni wa pili na wa mwisho wote hurudi nyumbani mikono mitupu. Chama kidogo chenye ngome kinaishi. Chenye wafuasi kila mkoa kinakufa njaa.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Lesotho, kwa sababu pale unaweza kukifuata chama kimoja, BNP. Mwaka 1993 kilipata zaidi ya asilimia 20 ya kura na hakikupata hata kiti kimoja. Wapinzani wao, BCP, walizoa vyote 65. Mwaka 1998 chama kipya, LCD, kikapata asilimia 60 na ushee, kikachukua viti 79 kati ya 80. BNP, na karibu robo ya kura zote, kiti kimoja! Septemba ya mwaka huo vurugu zikalipuka, majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia, na sehemu kubwa ya katikati ya mji wa Maseru ikateketea. Madai ya wizi wa kura yalikuwepo, sawa, lakini robo ya nchi kuwakilishwa na mtu mmoja bungeni ni baruti tosha.

Wakakaa wakabadilisha. Kuanzia 2002 majimbo 80 yakabaki, vikaongezwa viti 40 vya kufidia: chama kilichopunjwa majimboni kinaongezewa kulingana na kura zake za nchi nzima, kilichozoa kupita haki yake hakiongezewi. BNP ikapata viti 21, vyote vya fidia.

Wanasiasa ni wanasiasa, hata hivyo. Mpiga kura alikuwa anapewa karatasi mbili, moja ya mbunge wa jimbo, nyingine ya chama. Mwaka 2007 LCD ikafunga ndoa na chama kidogo cha NIP: mbunge mpigieni wa kwetu, karatasi ya chama wekeni NIP. NIP haikuwa na jimbo hata moja, kwa hiyo kwenye hesabu ikaonekana imepunjwa, ikapewa viti 21. Fidia ikaangukia kwa mshirika wa mshindi! Kabla ya uchaguzi wa 2012 mwanya huo ukazibwa, ikawa kura moja tu kwa yote mawili.

Sasa tazama 2012. Chama cha DC viti 48, ABC ya Tom Thabane 30, LCD 26, na BNP yetu, iliyokuwa imeporomoka hadi kama asilimia 4 ya kura, viti 5. ABC, LCD na BNP wakaungana. Jumlisha 30, 26 na 5: ni 61 kati ya 120. Bila hivyo vitano serikali ya Tom Thabane isingeundwa, na BNP ikaingia kwenye baraza la mawaziri. Ilipokuwa na robo ya kura ilikaa nje.

Najua mtakachosema: serikali hiyo haikumaliza muhula, na Lesotho ilikwenda uchaguzini 2012, 2015 na 2017. Kweli, chama cha viti vitano kikishika ufunguo kinaweza kusumbua. Mimi bado naona bora ugomvi wa baraza la mawaziri kuliko ule wa 1998 mitaani.

Nasi hatuhitaji kuanza upya. Viti maalum vya wanawake tayari vinagawanywa kwa asilimia ya kura za wabunge nchi nzima. Hesabu hiyo tunaijua. Kasoro ni kwamba vinamwongezea hata aliyekwisha kuzoa majimbo, na chama kisichofikisha asilimia 5 hakigusi kitu. Ndiyo maana ACT-Wazalendo, mwaka 2015, ilibaki na Zitto peke yake wa Kigoma Mjini. Ningeanzia hapo: viti hivyo hivyo, kwa wanawake hao hao, ila vigawanywe kwa kufidia, na kizingiti kishuke hadi asilimia 2.