Mpira wa bei kwenye kiwanja cha vumbi: majibu ya maswali yenu

Niliandika hapa kuhusu kuchagua mpira wa mechi kabla ligi za mitaa hazijaanza, na tangu siku hiyo meseji hazijakatika, kuanzia Dodoma mjini hadi Manyoni. Nimechagua sita. Zilizobaki nyingi zinauliza jambo lilelile la nahodha wa Chang'ombe, mpira wa bei unaoruka ovyo kwenye kiwanja kigumu, kwa hiyo jibu lake nimelirefusha.

*Shikamoo kocha. Sisi ni timu ya mtaa hapa Chang'ombe. Tulichangishana tukanunua mpira wa mechi, ule wa kubandikwa usio na mshono, una muhuri wa FIFA Quality Pro. Dukani ulikuwa mtamu, ila kwenye kiwanja chetu unaruka kama umepagawa, hautulii mguuni. Vijana wanataka turudi kwenye mpira wa zamani. Tumeuziwa feki? – Nahodha, Chang'ombe*

Marahaba nahodha. Kabla hujamfuata mwenye duka, upimeni. Muhuri ule, wa daraja la juu wa FIFA kwa mipira, una maana inayopimika. Mpira wa Quality Pro hujazwa upepo wa bar 0.8 (bar ni kipimo cha msukumo wa upepo), ukadondoshwa kutoka mita 2 juu ya bamba la chuma, na unatakiwa upande kati ya sentimita 135 na 155. Sakafu nzuri ya saruji itawapa picha ya karibu. Pigeni alama tatu za chaki ukutani: mita 2, sentimita 155 na sentimita 135. Mmoja apande kwenye kiti auachie mpira bila kuusukuma, kitako cha mpira kikiwa usawa wa alama ya juu. Mwingine achuchumae, macho yawe usawa wa zile alama mbili za chini, aone kitako kinafika wapi. Rudieni mara tano, kila mara mpira utue kwa upande mwingine. Mpira mzuri hurudi karibu palepale. Kama mara hii umepanda 150 na mara nyingine umeishia 120, ganda lake halilingani, na hapo mna haki ya kuurudisha.

Ukifaulu, mpira hauna kosa, kosa liko chini yake. Wanaopima viwanja vya nyasi bandia vya daraja la juu hudondosha mpira kutoka mita 2 hizohizo, lakini wao hutaka upande sentimita 60 hadi 85 tu. Mpira ni uleule, ila karibu nusu ya mdundo imemezwa na nyasi. Huo wenu umetengenezwa ukitegemea kuna kitu chini cha kuumeza. Kiwanja chenu mwezi wa nane hakimezi chochote: udongo mwekundu umekauka kama tofali lililochomwa, na juu yake kuna changarawe ndogo.

Niliwahi kuchukua mpira mmoja nikazunguka nao siku moja sehemu tatu. Kwenye nyasi zilizomwagiliwa asubuhi ulipanda hadi katikati ya paja langu. Kwenye mchanga wa korongo kavu haukufika goti, ukaacha kishimo. Kwenye kiwanja cha shule, kile kigumu, ulinifika kifuani, na mara ya pili uligonga kokoto ukaenda kushoto kabisa wakati niliudondosha wima. Ninyi mnacheza kwenye hicho cha tatu.

Cha kufanya ni kupunguza upepo. Sheria ya 2 ya soka inaruhusu 0.6 hadi 1.1, kwa geji inayosoma PSI ni 8.5 hadi 15.6. Vijana wengi hujaza mpaka kidole gumba kigome, na hapo huwa wamekaribia juu kabisa. Kiangazi anzieni 0.6 au 0.65, chezeni nusu saa, muone pasi inavyopokelewa. Msishuke chini ya 0.6, maana ganda huanza kujikunja kila linapopigwa na viungo huchoka mapema. Nami niseme bila kuficha: kwa kiwanja hicho nisingenunua mpira wa kubandikwa hata kama fedha ipo. Sababu ipo kwenye swali la mwisho.

*Kocha, nilijaza mipira miwili nikiwa Dar, nikapanda nayo treni. Kufika Dodoma nikaikuta migumu kama nazi. Ni joto la ndani ya begi? – Meneja wa timu, Ihumwa*

Joto limechangia kidogo, lakini kikubwa ni mlima mliopanda bila kuuhisi. Dodoma iko takribani mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku inalibana ganda kwa nje kidogo kuliko ya Dar, kwa hiyo upepo uliomo ndani unasukuma zaidi. Tofauti ni kama 0.12 kwenye kipimo kilekile nilichomtajia nahodha. Mpira uliojazwa 0.7 pwani utasoma zaidi ya 0.8 hapa, na huo bado ni halali. Uliojazwa 1.0 umeshavuka kikomo cha sheria kabla refa hajaushika.

Jua nalo linaongeza yake. Jaza mpira asubuhi ya mwezi wa saba, wakati watu wamevaa masweta, kisha uuache kwenye buti la gari hadi saa nane mchana: utaukuta umepanda kwa kiasi kama hicho. Pima kiwanjani, kivulini, nusu saa kabla ya mechi. Mkirudi Dar mtaikuta imelegea, msidhani imetoboka.

*Mwanangu ana miaka tisa, analilia saizi 5 kwa sababu ndiyo ya wakubwa. Nimnunulie tu? – Mama wa Makole*

Hapana mama, mpe saizi 4. Saizi 5 ina mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Saizi 4 ina mzingo wa sentimita 63.5 hadi 66 na gramu 350 hadi 390. Mguu mdogo unazisikia gramu hizo kila shuti, na mtoto anayepiga mpira mzito hujifunza kuupiga kwa ncha ya kidole kwa sababu ndiyo njia pekee ya kuufikisha mbali. Tabia hiyo kuiondoa baadaye ni kazi kubwa, nimehangaika nayo kwa vijana wa miaka kumi na saba.

*Shule yetu ipo kwenye udongo wa mbuga. Mvua zikianza, mpira kipindi cha pili unakuwa kama jiwe. Kuna mpira usiokunywa maji? – Mwalimu wa michezo, Bahi*

Mwalimu, yote hunywa kidogo. Ule wa Quality Pro hauruhusiwi kuongezeka uzito zaidi ya asilimia 10 unapolowekwa kwenye kipimo chao. Mpira uliobandikwa hushinda hapa, maana kwenye ule wa kushonwa maji huingilia matundu ya sindano. Ila kwako naamini shida si maji peke yake. Udongo wa mbuga unanata. Peleka mpira kwenye mizani ya dukani mara tatu: ukiwa mkavu, baada ya mechi ukiwa na tope lake, halafu baada ya kuufuta. Pengo kati ya kipimo cha pili na cha tatu ni tope tupu, na hilo dawa yake ni tambara bichi nyuma ya kila goli na mpira wa pili wa kubadilishana.

Baada ya mechi osha kwa maji matupu, anika kivulini. Ukiuanika juani juu ya bati, ganda linakakamaa na msimu hauishi kabla halijapasuka.

*Mimi ni kipa. Kuna mpira mmoja kwenye ligi yetu, ukipigwa kwa nguvu kutoka mbali unayumba angani, unakwenda huku unarudi huku. Nimefungwa mawili hivyo na kocha wangu anasema nimelala. – Kipa, Kongwa*

Hujalala. Mpira unaopigwa bila kuzunguka huyumba kweli, kwa sababu hewa inauachia upande huu na upande ule bila mpangilio. Mishono husaidia kuituliza hewa hiyo. Mpira wa Kombe la Dunia la 1970, Telstar, ulikuwa na vipande 32, vyeusi 12 vyenye pembe tano na vyeupe 20 vyenye pembe sita, na mishono mingi kila mahali. Jabulani wa mwaka 2010 Afrika Kusini ulikuwa na vipande 8 tu, laini, na makipa wakubwa wa dunia walilalamika waziwazi. Nyanda za juu kama zetu hewa nyepesi haiupunguzi mpira mwendo kama pwani, kwa hiyo unakufikia mapema kidogo kuliko unavyotegemea.

Lakini inawezekana pia mpira wenyewe una kasoro, na hilo utaliona kwa beseni la maji. Uweke uelee, subiri utulie, ona upande uliotazama juu, weka alama ya peni. Uzungushe, uachie tena. Ukirudi kila mara na alama ileile juu, upande wa chini ni mzito, mara nyingi ule wa valvu au uliozibwa kiraka kinene. Mpira uliosawazika hutulia popote. Mpelekee kocha wako beseni hilo, aone mwenyewe.

Kwa sasa, shuti la mbali lisilozunguka usilidake kwa mikono mbele pekee. Kifua kiwe nyuma ya viganja.

*Mwaka huu mipira mitatu imekwisha kwa miiba. Kiwanja kimezungukwa na migunga. Fundi amesema huu wa mwisho hauzibiki. Nifanyeje? – Katibu wa timu, Manyoni*

Pole katibu. Fundi amekwambia kweli, kama mpira wenyewe ni wa kubandikwa. Vipande vyake vimeunganishwa kwa joto na gundi, na ukifungua kiungo kimoja huwezi kukirudisha kama kilivyokuwa. Ndiyo maana nilimwambia nahodha nisingenunua wa kubandikwa: kwa viwanja vyetu nauamini mpira wa kushonwa kwa mkono. Nautumia hata ukinywa maji kidogo, hata ukiwa na muhuri wa chini.

Mpira wa kushonwa hufunguka. Fundi viatu anakata uzi wa upande mmoja wa kipande kilicho karibu na valvu, anaitoa blada, ule mfuko wa ndani unaoshika upepo, kama anavyotoa moyo wa kuku, anaijaza upepo na kuizamisha kwenye maji mpaka mapovu yaonyeshe tundu. Kama blada ni ya butili, ile nyeusi iliyo kama tyubu ya baiskeli, kiraka cha baiskeli na gundi yake vinashika vizuri. Ya lateksi ni laini zaidi na mdundo wake ni mtamu, lakini inapoteza upepo kila siku na kiraka huishika kwa shida, kwa hiyo ukinunua ulizia butili. Kushona kurudi ni uzi wa nailoni uliopakwa nta, kila tundu la zamani lilelile, bila kutoboa jipya.

Simama hapo wakati fundi anafanya kazi. Kabla hajairudisha blada, mwombe apitishe kidole ndani ya ganda lote, taratibu, sehemu kwa sehemu. Ncha ya mwiba hukatikia kwenye kitambaa cha ndani, na isipotolewa itatoboa blada ileile kwenye shuti la kwanza.