Kwa nini kila kitufe kinaleta namba ileile

Ndugu, umeeleza kwamba umetengeneza vitufe kumi ndani ya lupu (sehemu ya programu inayorudiwa tena na tena) ya JavaScript, lugha ya programu za kurasa za wavuti, kwa kutumia var, neno la kutangazia kigeu, yaani jina linaloshika thamani, lakini chochote unachobofya kinaleta namba ileile. Mimi lilinipata hilo nilipokuwa nikitengeneza ukurasa wa kuchagua viti vya basi: abiria aliyebofya kiti cha 7 na aliyebofya cha 23 wote waliandikiwa kiti cha 41, ilhali basi lilikuwa na viti 40. Nilikagua hifadhidata kwa siku mbili, kumbe tatizo lilikuwa kwenye mstari mmoja wa lupu.

Fankisheni, yaani kipande cha programu kinachosubiri kuitwa, kama kile kinachoendeshwa kitufe kinapobofywa, ikiundwa ndani ya lupu hainakili thamani iliyomo katika kigeu wakati huo, bali hukishika kigeu chenyewe na kukisoma pale tu inapoitwa. Kigeu kilichotangazwa kwa var ni kimoja kwa fankisheni nzima inayoizunguka lupu, kwa hiyo vitufe vyangu vyote 40 vilitazama kigeu kimoja, nacho, kiitwacho i, kilikwisha kufika 41 kabla abiria yeyote hajabofya, kwa kuwa lupu husimama pale sharti la i <= 40 linapoacha kuwa kweli. Hiyo 41, kiti kisichokuwapo, ndiyo iliyonifumbua macho.

Katika Python, lugha nyingine ya programu, kosa hili hujificha zaidi, na kwa maoni yangu ni la hatari zaidi, kwa sababu lupu ya range(1, 41), inayohesabu kuanzia 1 hadi 40, hukiacha kigeu kikiwa 40. Kitufe cha mwisho hufanya kazi sawasawa, na anayejaribu hicho peke yake ataamini kwamba vyote ni vizima. Dawa yake ni kuandika lambda i=i: chagua(i) (lambda ni fankisheni fupi isiyo na jina), kwani thamani hiyo ya awali hukokotolewa fankisheni inapoundwa.

Watunzi wa lugha za programu wenyewe wamelitambua tatizo hili, wakazibadilisha lupu ili kila duru iwe na kigeu chake: C# ilibadilisha foreach, aina mojawapo ya lupu zake, mwaka 2012, na Go ikabadilisha lupu zake za for katika toleo la 1.22, Februari 2024.

Kwako wewe, tumia let, iliyoingizwa katika JavaScript mwaka 2015, ambayo huipa kila duru ya lupu kigeu chake. Iandike ndani ya mabano ya for. Ukikitangaza kigeu nje ya lupu, hata kwa let, vitufe vyote vitaendelea kukichangia.