Chui wa bustani ya wanyama hafai kwa shindano la London
Umeuliza kama kati ya picha zako mbili za chui, ya bustani ya wanyama na ya Serengeti, upeleke ile ya bustani. Hapana, chagua ile ya Serengeti, kwa sababu shindano la wanyamapori la Makumbusho ya Historia Asilia, London, halikubali mnyama wa kufungiwa apelekwe kana kwamba yuko huru. Picha iliyoshinda mwaka 2009, ya mbwa mwitu wa Hispania akiruka lango, ilienguliwa Januari 2010 baada ya majaji kuhitimisha kwamba yaelekea mnyama huyo alikuwa amefunzwa, ingawa mpiga picha alikana. Picha ya mnyama wa kufungiwa inafaa tu ikiwa inaeleza hali yenyewe ya kufungiwa, na useme hivyo waziwazi. Nyasi zilizoziba sikio la chui katika picha ya Serengeti zisikusumbue, maadamu jicho limetoka wazi bila ukungu.