Beluga huitanaje majini bila kufungua mdomo?

Mama, mwanao hapo Tukuyu kauliza swali zuri. Beluga, nyangumi weupe wa bahari baridi za kaskazini, hawatoi sauti kwa koo kama sisi. Chini ya tundu la pua, lililo juu ya kichwa, kuna mikunjo ya nyama mfano wa midomo; hewa ikisukumwa hapo, mikunjo hutetema. Kile kinundu laini cha mafuta pajini huielekeza sauti mbele, na beluga hukibadilisha umbo apendavyo. Hewa yenyewe haitoki nje lazima, huweza kurudishwa ndani ikatumika tena.

Milio ni mingi: miluzi, mikwaruzo, na tik-tik za haraka za kupimia umbali kwa mwangwi. Kubwa kuliko yote, naona, ni mwito wa mama na mtoto. Mwambie afikirie ng'ombe na ndama waliopoteana kwenye ukungu wa Uporoto: hawaonani, basi wanaitana mpaka wakutane. Mtoto wa beluga hunyonya hadi miaka 2 hivi, na mwanzoni sauti yake ni hafifu mno. Ndiyo maana kelele za meli kwenye mto St. Lawrence, Kanada, zinatia uchungu. Zinameza mwito wa mtoto, mama hasikii.

Kundi nalo si ukoo mmoja tu. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa 2020 ulionyesha huandamana pia na wasio ndugu. Madume wazima mara nyingi hujitenga wakaunda kundi lao wenyewe.